Mkono Wenye Ushanga wa Buluu

Basi msinilaani zaidi. Najua nimewaacha wiki nzima na Dobrinka amesimama katikati ya uwanja wa mji wa Sevlievo, saa mbili na nusu asubuhi, mdomo wa mashine ya kutolea pesa umebaki mkononi mwake, na mtu asiyemjua amemshika bega kwa nyuma.

Mtu huyo alikuwa polisi.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita walifungia samaki, nitasema haraka. Dobrinka ni mjane wa miaka sitini na moja. Anauza martenitsa, uzi mwekundu na mweupe ambao kila mwenye akili zake mjini huufunga kwenye kifundo cha mkono tarehe mosi Machi kujitakia afya, na hauvui mpaka amwone korongo wa kwanza. Meza yake iko hatua sita kutoka kwenye mashine ya benki. Jumapili hii anaolewa na Spas, dereva wa basi mstaafu, na kwa kuwa ni Kwaresima wataoana kwa meya, si kanisani. Leo ni Ijumaa.

Na asubuhi hiyo, naapa, Dobrinka hakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Shangazi, weka chini hicho ulichoshika," polisi alisema.

"Kwani ni bomu?"

"Ulikuwa unafanya nini kwenye mashine ya benki?"

"Naitakia afya."

Inspekta Tsolov aliachia bega. Alikuwa mtu wa makamo mwenye masharubu mapya ambayo hata yeye alikuwa hajayazoea, akawa anayagusa kila akikosa la kusema. Aliyagusa.

"Unaitakia nini?"

"Afya! Kila majira ya baridi inaugua hii. Januari ilimeza kadi ya kasisi. Februari imelala wiki mbili. Nikasema na yenyewe ni jirani yangu, acha niifunge uzi. Paka nimemfunga, bomba la gesi nimelifunga, mlango wa daktari wa meno nimeufunga. Nikapitisha uzi hapa, kadi zinapoingilia, nikavuta kidogo nikaze fundo, mdomo ukanifuata."

"Ukakufuata?"

"Kama meno ya bandia ya marehemu mume wangu."

Watu walishaanza kujaa. Inspekta aliuchukua ule mdomo wa plastiki ya kijani, akaugeuza. Nyuma yake kulikuwa na gundi mbichi, waya mwembamba kama unywele, na betri bapa. Rangi ikamtoka.

"Shangazi, huu si mdomo wa mashine."

"Sasa ni wa nani?"

"Wa mwizi."

Akapitisha kucha juu ya vibonyezo vya namba, kwenye kipande chembamba cha plastiki ambacho sote tungeapa kilizaliwa na mashine. Nacho kikatoka. Katikati kilikuwa na tundu dogo mno, na ndani ya tundu, kamera.

"Unaona? Huu mdomo unainakili kadi yako ikipita. Kijicho hiki kinakutazama ukibonyeza namba ya siri. Mwizi akirudi kuchukua vitu vyake, ana kadi yako na namba yako. Anatengeneza kadi nyingine kama hiyo, anakwenda kula kwa jina lako."

"Mungu wangu! Na mimi nimewaambia wateja wote watoe pesa hapa!"

Ulimi, msomaji, ulimi! Nyuma ya umati mzee mmoja akasafisha koo. "Jamani, kumbe alikuwa anawaelekeza. Jumapili harusi, Ijumaa ndani."

"Twende kituoni, shangazi."

"Kama shahidi?"

Inspekta aligusa masharubu. "Bado sijaamua."

*

Kituoni waliiweka ile kamera kwenye kompyuta, na picha zikaanza kucheza. Hazikuwa na sura ya mtu hata mmoja. Zilikuwa mikono tu, mkono baada ya mkono, vidole vinabonyeza, vinaondoka.

Inspekta alishika tama. "Mikono! Nitamkamata nani kwa mikono?"

"Huyo ni mwalimu wa hesabu," Dobrinka alisema.

"Nini?"

"Uzi mnene wenye vifundo vitatu. Alinunua kwangu kwa leva mbili, akaomba apunguziwe. Huyo anayefuata ni mke wa mwokaji mikate. Huyo kasisi, ana mbili, moja ya siri ndani ya joho. Huyu ni..." Alisogea karibu na kioo. "Huyu ni wewe, inspekta. Elfu mbili kumi na tisa? Namba ya siri mtu anaweka mwaka aliooa?"

Polisi wawili waliokuwa mlangoni walitoka nje kwenda kuchekea huko. Inspekta aliwekea kioo mkono kwa sekunde chache, kisha akautoa, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Shangazi. Unaujua mji mzima kwa uzi?"

"Nimeusokota mwenyewe, nisiujue?"

"Basi turudi mwanzo. Kitu cha kwanza kamera inachokiona ni yule anayeibandika."

Picha zikarudi nyuma mpaka Jumatano saa kumi na mbili alfajiri. Giza. Kisha mwanga, na mkono umeikaribia kamera mpaka umejaza kioo. Mkono wenyewe ulivaa glavu nyembamba nyeupe, zile za daktari, usione ngozi wala pete. Ulibonyeza hapa, ukasugua gundi pale. Mtu mwangalifu. Alijificha sura, alijificha vidole.

Lakini uzi hakuuvua. Kwetu hauvuliwi kabla ya korongo, hata na mwizi. Mkono wa koti ulipopanda, juu ya glavu ikatokea martenitsa nyembamba iliyosokotwa kuelekea kushoto, na katikati yake ushanga wa buluu.

Dobrinka aliusogelea ushanga mpaka pua ikagusa kioo.

Amesokota maelfu katika maisha yake. Yenye ushanga wa buluu alisokota moja tu. Ushanga ulitoka kwenye mkufu wa mama yake, na tarehe mosi mwezi huu, kwenye ngazi za nyumba ya utamaduni, aliufunga mkononi mwa Spas, akamwambia, "Ukiivua kabla ya korongo, usinitafute." Na Spas, mzee mzima, alilia.

"Huyu?" inspekta aliuliza.

"Simjui."

"Wote umewajua."

"Huyo si wa hapa," Dobrinka alisema, na huo ukawa uongo wake wa kwanza kwa serikali tangu azaliwe. Akaaga kwa heshima, akashuka ngazi mbili mbili.

*

Bendi ya manispaa ilikuwa inafanya mazoezi ya muziki wa Jumapili. Spas alikuwa mbele na klarineti, amefumba macho, mashavu yamejaa, anapiga wimbo wa harusi yake mwenyewe. Dobrinka aliingia katikati ya wimbo.

"Spas, nyoosha mkono."

Muziki ukafa kipande kipande, ngoma kubwa ikiwa ya mwisho.

"Upi, mpenzi?"

"Kwani unayo mingapi? Wa kushoto."

Spas alitanguliza klarineti. Dobrinka akaisogeza, akashika mkono wa shati, akaupandisha mpaka kiwikoni. Palikuwa na nywele nyeupe na saa ya zamani. Uzi hakuna.

"Nilimwona korongo," Spas alisema haraka.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Wapi?"

"Pale... juu."

"Juu wapi?"

"Angani, Dobrinka! Korongo atakuwa wapi, sokoni?"

"Korongo hajafika, Spas. Mji mzima bado umefunga uzi. Meya amefunga. Huyu wa tarumbeta amefunga."

"Mimi ninazo nne," mpiga tarumbeta alisema kwa fahari.

"Nyamaza wewe! Spas, nitazame. Martenitsa yangu nimeiona sasa hivi polisi. Iko kwenye mkono wa mtu anayebandika kamera ya wizi kwenye mashine ya benki. Ushanga wa mama yangu! Niambie ni mkono wako au si wako, maana keshokutwa nasimama mbele ya meya, na nataka kujua nasimama na nani."

Spas aliketi juu ya ngoma kubwa, nayo ikaguna. Akaangalia viatu vyake.

"Nimeigawa," alisema.

"Umeigawa."

"Alhamisi ya wiki iliyopita. Kadi yangu ilikwama kwenye mashine. Nikapiga, nikatikisa, haitoki. Akaja mtu mmoja, mpole, akabonyeza hapa na pale, kadi ikatoka. Nikampa pesa, akakataa. Nikamkaribisha glasi ya rakia, akakataa. Sikuwa na kingine cha kumshukuru, Dobrinka. Nikamfunga ile."

"Mtu gani?"

"Mwanamume," Spas alisema upesi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mwanamume. Kijana. Ana ndevu."

Dobrinka alivuta pumzi, na ukumbi mzima ukavuta naye.

"Afadhali ungekuwa mwizi!"

"Dobrinka!"

"Mwizi ningemletea pilipili za kuokwa gerezani kila Jumamosi! Lakini mtu anayegawa zawadi aliyofungwa na mchumba wake, huyo mama yangu nitamweleza nini siku tukikutana huko aliko?"

Alisema hayo kwa sauti ya kupasua madirisha, na ndani yake, sitawaficha, alikuwa anataka kucheka. Si mwizi! Ni mjinga tu, mjinga wa moyo mwema, anayemvisha mwizi uzi wa shukrani kwa kumtolea kadi. Alitaka kumpiga na kumbusu, na hakujua kipi kianze.

Kisha furaha ikapungua. Vipi kama ndevu hizo hazipo? Vipi kama hakuna kijana wala shukrani, bali mkono mmoja tu, na mkono huo ndio ulioshika klarineti hapa mbele yake? Kuna mtu mmoja duniani wa kumhakikishia, naye ni yule aliyevaa ushanga.

"Vaa koti," alisema. "Tunakwenda kwa inspekta kusema kweli."

*

Inspekta Tsolov alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa masharubu.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Kidogo."

"Na ushanga ni wa bwana harusi."

"Ulikuwa."

"Shangazi, mimi nina mkono mmoja kwenye picha na mtu mmoja anayekiri uzi ni wake. Huyo kijana wa ndevu sina. Nakupa mpaka kesho jioni. Asipoonekana, Jumapili namchukua Spas, hata kama ameshashika kalamu ya meya."

Spas alivuta mkono wa koti mpaka ukafunika kifundo kitupu.

"Ataonekana," Dobrinka alisema. "Mwizi huyo ni wa kwetu. Amevaa glavu, amejificha uso, amefanya kila kitu cha kisasa, lakini uzi hakuthubutu kuuvua. Basi bado anao. Na uzi wa wiki tatu huwa umechakaa. Mtu anayeogopa kuuvua ataogopa zaidi usimkatikie. Atakwenda wapi kuukaza?"

Inspekta alichukua funguo za gari.

"Fungua meza yako," alisema. "Mimi nitakaa garini ng'ambo ya uwanja. Spas abaki kwenye mazoezi, asionekane."

Ndivyo ilivyokuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa limetoka, bendi inasikika kwa mbali ikikosea mahali palepale kila mara, na inspekta garini anakula banitsa ya jibini kwa uangalifu wa masharubu. Dobrinka alikuwa nyuma ya meza, mkoba wake umening'inia kwenye ndoano kando yake. Ndani ya mkoba, kwa kuwa haamini kufuli ya nyumba yake, kulikuwa na pete mbili za Jumapili na vitambulisho vyao vyote viwili, ambavyo bila hivyo meya haandikishi ndoa hata ya mwanawe.

Kulikuwa na mteja mmoja tu, mwanamke wa kofia ya kijani, yule aina ya mteja anayeshika kila kitu.

"Hii ni nyekundu mno."

"Chukua hii."

"Hii ni nyeupe mno."

"Dada, ni rangi mbili tu. Kama huzitaki zote mbili, hapa utapata taabu."

Mwanamke akacheka, akaendelea kupekua. Dobrinka chini ya meza alikuwa anajizoeza kukanyaga. Wiki mbili sasa anajizoeza, nyumbani kwa mto wa kulalia, hapa kwa sanduku la nyuzi: kwa meya, kalamu zikishawekwa chini tu, atakayemkanyaga mwenzake mguu kwanza ndiye atakayetawala nyumba. Spas ana miguu mizito ya udereva. Dobrinka alitegemea wepesi.

Alikanyaga sanduku. Akakanyaga tena.

"Shangazi, samahani."

Mkono wa mwanamume ulipita kando ya kofia ya kijani, ukatua mezani, kiganja juu.

"Nikazie uzi. Umelegea, usije ukanikatikia kabla ya korongo."

Ushanga wa buluu ukamkonyeza Dobrinka.

Msomaji, wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele, na mtu angekimbia. Ungezimia, na mtu angekimbia vilevile. Dobrinka alimshika mkono kwa upole wa muuguzi.

"Lete, mwanangu. Huu umefungwa na mtu asiyejua kazi."

"Nimepewa tu."

"Hata fundo la kiatu hajui aliyekufunga. Tulia hapo."

Alichukua donge zima la uzi mnene, ule wa kufungia milango, akaanza kuzungusha. Alizungusha kwenye kifundo mara moja, mara mbili. Alizungumza bila kituo. Alisema habari za baridi, za bei ya sufu, za harusi yake.

"Hongera, shangazi. Mbona uzi unakuwa mrefu?"

"Ndiyo mtindo wa mwaka huu."

"Mbona unazungushia na nguzo ya meza?"

"Napima."

"Unapima nini na nguzo?"

Dobrinka alizidi kuzungusha. Donge lilikuwa limefika nusu. Alitupa jicho ng'ambo ya uwanja, na inspekta alikuwa ameinama ndani ya gari anatafuta kipande cha banitsa kilichomwangukia. Mtu wa ushanga akaacha kutabasamu. Akaanza kuvuta mkono.

"Korongo!"

Sijui nani alipiga kelele kwanza. "Korongo! Korongo! Wawili!"

Juu ya mnara wa saa, miguu mirefu imenyooshwa nyuma, walikuwa wanakuja polepole kana kwamba wamelipiwa tiketi. Uwanja mzima ukawehuka. Kofia zikarushwa. Mwalimu wa hesabu alimkumbatia mke wa mwokaji mikate. Wazee waling'ata mafundo, kasisi aliingiza mkono ndani ya joho kutafuta ile ya siri, watu wakakimbilia mti wa mlozi ulio mbele ya benki kutundika nyuzi zao kwenye matawi, wakisukumana, wakichekana, wakitakiana afya. Bendi nzima ilitoka nje ikiwa inapiga, kila mtu wimbo wake.

Na mwizi? Mwizi naye alisahau kila kitu.

"Nimemwona! Shangazi, nimemwona!" alipiga kelele kwa furaha ya kweli, akapeleka meno kwenye fundo ili aivue ile ya buluu kama kila mtu, akaitupe mtini kati ya nyuzi elfu moja, na ushahidi wote wa Inspekta Tsolov upotelee huko.

Meno yakakuta mizunguko kumi na minne ya uzi wa kufungia milango. Alivuta, meza ikavutika naye. Akavuta tena. Ndipo akatazama chini, akaona nguzo, akaona mkono wake, akamwona Dobrinka.

Katika uwanja mzima, Dobrinka peke yake hakuangalia juu.

"Ushanga huo ni wa mama yangu, mwanangu," alimwambia.

Spas alikuwa anakuja mbio katikati ya watu, klarineti juu, koti halijafungwa vifungo.

"Dobrinka! Umemwona korongo? Umemwona?"

"Mwache korongo! Njoo hapa. Tazama huyu. Ni huyu?"

Spas alimtazama yule mtu. Akamtazama chini mpaka juu. Mtu yule hakuwa na ndevu. Uso wa Spas ukabadilika.

"Siye," alisema.

"Siye? Ushanga huu hapa!"

"Ushanga ndio. Mtu siye." Alibana klarineti kifuani. "Dobrinka, usikasirike. Yule aliyenitolea kadi alikuwa... alikuwa mwanamke."

Kelele zote za uwanja zilikuwepo, lakini Dobrinka hakuzisikia.

"Ulisema mwanamume."

"Nilisema."

"Mwenye ndevu."

"Ndevu niliongeza."

"Spas!"

"Niliogopa! Ningekuambiaje nimemfunga mwanamke mwingine uzi wako? Ungenielewa?"

"Nisingekuelewa!"

"Basi ndiyo maana!"

Dobrinka alipumua. Kulikuwa na mambo hamsini ya kuuliza, ya polisi, ya kadi, ya Jumapili. Aliuliza moja.

"Mzuri?"

"Dobrinka wangu..."

"Nimekuuliza."

Spas, ambaye uongo wake wote wa mwaka ulikuwa umeishia kwenye ndevu, alitafuta pa kukimbilia, hakupaona. "Alivaa kofia ya kijani," alisema kwa sauti ndogo.

Mtu aliyefungwa nguzoni akaangua kicheko.

"Mzuri sana, shangazi. Ni mke wangu. Alirudi nyumbani na ushanga, nikaupenda, akanifunga mimi." Akaelekeza kidevu kando ya meza. "Alikuwa hapo sasa hivi."

Alikuwa hapo. Sasa hapakuwa na mtu. Martenitsa alizokuwa anapekua zilikuwa zimepangwa vizuri, nyekundu na nyekundu, nyeupe na nyeupe, na kwenye ndoano hapakuwa na mkoba. Pete mbili, vitambulisho viwili, Jumapili nzima, vyote vimeondoka huku mji unatazama angani.

Kuna wanawake ambao wangeketi chini wakalia. Dobrinka aliuma uzi kwa meno, ukakatika. Alishika ncha iliyobaki, akashika mkono wa kushoto wa Spas, ule mtupu, akaufunga kwa fundo lililokazwa kwenye nguzo ileile pamoja na mwizi.

"Mbona na mimi?"

"Ili usigawe kitu kingine nikiwa sipo. Mlinde huyu."

"Dobrinka, unanisamehe?"

Dobrinka alishika ukingo wa meza. Aliinua mguu wake wa kulia, ule uliofanya mazoezi wiki mbili, akamkanyaga Spas juu ya kiatu kwa nguvu zake zote.

"Ayii!"

"Hiyo ni ya Jumapili," alisema. "Nimeitanguliza."

Spas alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, machozi yanamtoka, na uso wote unacheka. Mwizi alimtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Hongera, mzee." Lakini Dobrinka hakuwasikia. Alishakwenda.

Alikimbia, msomaji, na miaka yake sitini na moja, na viatu vyake vya sufu, akipenya kati ya watu waliokuwa wanambusu kila anayepita na kumtakia afya. Alibusiwa na meya. Alibusiwa na mpiga tarumbeta mara mbili. Hakusimama. Mbele yake, ikiibuka na kupotea kati ya vichwa, kofia ya kijani ilikuwa inavuka uwanja bila haraka yoyote, kuelekea ng'ambo.

Kuelekea gari la polisi!

"Inspekta!" Dobrinka alipiga kelele kwa furaha. "Mkamate! Ndiye huyo! Anakujia mwenyewe!"

Inspekta Tsolov alishatoka garini, na alisikia. Dobrinka ana uhakika alisikia, kwa sababu aligeuka, akamtazama usoni kutoka hatua ishirini, akayagusa masharubu yake. Kisha akazunguka gari, akamfungulia mwanamke wa kofia ya kijani mlango wa mbele, na mwanamke alipokuwa anapanda, inspekta akampokea mkoba wa Dobrinka, akamshikia.